Kioo Hakikabidhiwi Siku ya Kwanza

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeshakunywa chai ya pili, maana kabla ya hapo hukubali kusoma hata maandishi ya kwenye dawa. Mimi mwili ni mzima. Baridi imeanza kupungua, na yule dereva wa lori anayekoroma amehamia chumba cha mwisho, kwa hiyo ukuta wangu umenyamaza. Nisalimie mama. Mwambie mguu aupumzishe, na asimsikilize yule jirani anayetibu watu bila kuwa daktari.

Usishangae kwamba naandika badala ya kupiga simu. Wewe kwenye simu husikii mpaka mtu apige kelele, na mambo haya si ya kupigiwa kelele. Halafu simu yangu yenyewe iko polisi.

Ndiyo, umesoma vizuri. Kaa kwanza.

Wiki iliyopita mimi na Ndevu, yule fundi mwenzangu mzungu, tuliweka kioo kikubwa cha sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo anayeishi peke yake. Kazi ikaisha jioni, akafurahi, akafunga nyumba akaenda kwa binti yake. Kesho yake asubuhi nilipita pale peke yangu. Nikiwa nimesimama dirishani, mwanamke wa nyumba ya pili akapiga simu polisi, akasema kuna mtu mweusi anavunja dirisha, ana chuma mkononi, na kwamba alipomwuliza shida yake mtu huyo alimtishia. Mjomba, sikuwa na chuma. Wala hakuniuliza kitu. Sikusikia sauti yoyote mpaka ya gari la polisi. Walinilaza kifudifudi kwenye bustani ya watu, mmoja akaniwekea goti mgongoni, nikawa naona nyasi na kiatu basi.

Nimeshtakiwa kujaribu kuvunja nyumba na kutishia mtu. Niko nje kwa dhamana. Kazini wamenisimamisha. Nikipatikana na hatia nitafungwa, na nikitoka nitarudishwa huko nikiwa na jina la mwizi. Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu wenye midomo.

Mama asijue.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku tunasukuma siku. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, na amerudia kunituma dukani kama mtoto, hivyo ujue amepona. Nimemwambia simu yako imeharibika na wewe una kazi nyingi. Akasema, "Kazi gani hiyo isiyompa mtu nafasi ya kumsalimu mama yake?" Nikajifanya natafuta miwani. Uongo mimi siuwezi, na dada yangu analijua hilo tangu tukiwa wadogo, kwa hiyo andika upesi.

Barua yako nimeisomea karakanani, mlango nimeufunga. Mteja alikuja akabisha, nikamwacha abishe. Nimekasirika mpaka nimekata vibaya kioo cha kabati, kazi ambayo naifanya huku naongea na watu. Nimekufundisha tangu hujaweza kubeba fremu peke yako, na sijawahi kukukuta hata na msumari wa mteja mfukoni. Leo mtu anakuona mgongo tu, kashajua wewe ni mwizi. Amekujulia wapi? Mgongo wa mwizi na mgongo wa fundi ina tofauti gani, kama si rangi?

Lakini kuna jambo moja sikulielewa, nami nataka unijibu bila kuzunguka mbuyu. Kazi mlimaliza jana yake. Mwenye nyumba hayupo. Siku ya pili pale dirishani ulifuata nini? Kama ulisahau chombo, sema. Kama kuna msichana mtaa ule, sema pia, mimi nilikuwa kijana kabla yako. Hakimu atakuuliza hilo kabla ya yote, na ni afadhali unijibu mimi kwanza.

Usikubali jambo usilolifanya. Na ule, usijifanye umeshiba hasira.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, na hayo ya mguu wa mama yamenifurahisha. Mwambie simu bado inatengenezwa. Atakubali, maana mafundi simu wa huku na wa huko ni waongo sawasawa.

Nimepewa wakili na serikali, dada mmoja kijana mwenye mafaili mengi kuliko mikono. Anaongea haraka lakini anasikiliza polepole, na hilo limenipa moyo kidogo. Kesi itasikilizwa mwezi wa sita. Msimamizi wetu ameandika kwamba siku ile sikutumwa na mtu, na kwamba kampuni haina utaratibu wa fundi kurudia kazi iliyokwisha. Ni kweli, hakunituma. Mwalimu mstaafu naye ameeleza kwamba kazi aliiona imekamilika na hajui nilirudi kufanya nini. Hakusema mimi ni mwizi. Hakusema pia kwamba mimi si mwizi.

Ndevu nilimkuta dukani. Aliponiona akageukia sabuni, akaisoma ile sabuni kama gazeti. Nikamwendea, nikamwambia nahitaji aje aseme tu kwamba jana yake tulikuwa pamoja pale. Akasema, "Ndugu yangu, mimi nina watoto." Nikamwambia sikumwomba watoto, namwomba maneno mawili. Akasema atafikiria, akaondoka bila sabuni.

Sasa mwendesha mashtaka ameleta pendekezo. Nikikiri kosa dogo la kuingia kwenye uwanja wa mtu bila ruhusa, yale makubwa yatafutwa. Napigwa faini, nakwenda zangu. Wakili anasema ni juu yangu, lakini nilifikirie. Nami nalifikiria, mjomba, sikufichi. Siku hizi nikitembea natoa mikono mfukoni ili watu waione. Nikiona pazia linasogea naongeza mwendo, kisha naogopa kwamba wataona nimeongeza mwendo, napunguza. Jana nilisimama nje ya duka la mkate nikashindwa kuingia kwa sababu ndani alikuwemo mwanamke mmoja peke yake. Nilisubiri mpaka atoke.

Kuhusu swali lako, nimeshamweleza wakili. Wewe usilitie moyoni.

Mpwa wako


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na roho iko juu. Nimeuliza posta, wakasema hakuna kitu changu, wakaniangalia kama nimewaibia stempu. Je, unaumwa? Au mama amejua? Au na wewe umeanza kuniwazia kama wengine? Kama ni hilo la tatu, niambie tu nilijue.

Wakili anataka jibu la pendekezo kabla kesi haijaanza. Amesema maelezo niliyotoa polisi anayaamini, ila yamesimama kwa mguu mmoja, hakuna mtu wa pili wa kuyaunga mkono. Nikamwambia mtu huyo yupo, lakini sitaki aguswe. Akaweka kalamu chini akaniuliza, "Unamlinda nani?" Nikaaga nikaondoka. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa ufupi.

Andika hata mstari mmoja.

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, mama yako ni mzima, nyumba haijaungua. Nimekaa kimya kwa sababu ya aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito kuibeba mpaka posta.

Swali lile jibu lake nililijua tangu barua yako ya kwanza. Uliposema "nilipita pale," nikaiweka barua chini. Nilikuuliza huku naomba unijibu kitu kingine chochote, hata hilo la msichana. Ukanizungusha, nami nikajua unanificha ili nisiumie.

Kampuni haikukutuma, ni kweli. Nilikutuma mimi. Nani alikwambia kioo hakikabidhiwi siku ya kwanza? Nani alikuwa anakuvuta asubuhi ukiwa bado na tongotongo, turudi kwa mteja wa jana, tuweke viganja kwenye pembe za kioo, tusukume taratibu tusikilize kama kinacheza? Na nani alikukataza kumwarifu mteja, eti akijua ataona tunatafuta sifa au chai? Yote hayo ni yangu. Nilidhani nakupa ufundi, kumbe nakupa safari ya polisi. Umelala kifudifudi kwenye nyasi za watu kwa ajili ya sheria ya mzee mmoja asiyejua hata mtaa huo ulivyo.

Nilikaa na hilo wiki nyingi. Halafu nikamkumbuka mke wa muuza nyama. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Asubuhi moja alinikuta nimelikumbatia dirisha lake, akanimwagia beseni zima la maji na kuita mwizi, mtaa ukajaa. Alipouona uso wangu alicheka mpaka akakaa chini, akanipa taulo la mumewe na chai ya moto. Mimi na wewe tumefanya jambo moja, mpwa wangu, neno kwa neno. Mimi nikarudi nyumbani na chai tumboni. Mwanamke yule wa kwenu hakungoja kuuona uso. Rangi ilimtosha.

Basi nimefunga karakana, nimekwenda kwa wakili wa hapa mjini, nimekula kiapo. Nimeeleza utaratibu wetu, niliupata kwa nani, nimeufundisha kwa nani. Mke wa muuza nyama nimeenda naye, naye ameapa, ingawa kwa sauti ya juu mno, na alitaka mpaka rangi ya beseni iandikwe. Karatasi ziko humu ndani zimepigwa mihuri. Mpe huyo dada, wakili wako. Na usinilinde tena. Mimi si kioo.

Pendekezo lao likatae. Najua nasema hivi nimekalia kiti changu, na atakayefungwa ni wewe. Nikikushauri vibaya, adhabu haitanipata mimi, na jambo hilo limenitoa hamu ya chakula. Lakini ukikiri hicho kidogo, umekiri kwamba ulikwenda pale kwa ubaya. Kila dirisha utakalosogelea maisha yako yote, watasema ndiye yule.

Mama yako amejua. Sikumwambia, alinikuta nalia karakanani. Alisoma barua zako zote amesimama, akazikunja akanirudishia. Alisema neno moja tu: "Mwambie ale."

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, mwite mama umwambie: sina hatia. Hakimu ametamka hivyo mbele ya watu. Mimi mwenyewe ilibidi wakili anishike mkono ndipo nielewe kwamba naruhusiwa kutoka.

Nakueleza kwa utaratibu, maana kichwa changu bado hakijatulia. Yule jirani aliyepiga simu alikuja amevaa vizuri, sauti ya upole, na nilipomsikiliza mwenyewe nikaona kama anasema kweli. Hilo ndilo lililoniogopesha. Aliamini. Wakili wangu alipoinuka nilidhani atamkaripia, lakini alimwuliza mambo ya kawaida tu. Siku ya kwanza aliona kazi ikifanyika? Aliona. Aliona mafundi wangapi? "Mmoja." Akamweleza Ndevu mpaka kofia yake, mpaka wimbo aliokuwa anaupiga mluzi. Wakili akamwomba aonyeshe kioo kile kilikuwa na ukubwa gani. Akatanua mikono, haikutosha. "Na fundi huyo mmoja alikiinuaje?" Akashusha mikono.

Mjomba, upande wa pili wa kioo hicho nilikuwa nimeushika mimi. Nilipita mbele ya mlango wake zaidi ya mara moja nimebeba vifaa, nikamsalimu. Siku niliyofanya kazi hakuniona kabisa. Siku ya pili ndiyo aliniona.

Ndevu alikuja. Sikumwita. Alikuwa amevaa suti ya kuazima iliyombana mabega, akasimama akasema tulikuwa wawili, na kwamba upande mzito huwa naubeba mimi kwa sababu yeye mgongo wake mbovu. Hakuniangalia aliposhuka kizimbani. Nimemsamehe nusu.

Kisha yule jirani akaitwa tena, akaulizwa kuhusu chuma. Alikiona kwenye mkono upi? Wa kulia. Baadaye wa kushoto. Mwishowe akasema hakukiona hasa, ila alijua mtu kama yule hawezi kusogelea dirisha mikono mitupu. Na vitisho? "Aligeuka." Basi, hicho ndicho kitisho changu. Niligeuka niliposikia gari la polisi.

Kiapo chako kilisomwa na mkalimani. Walipofika kwenye beseni watu walicheka, hata hakimu alishika mdomo. Hapo ulisaidia sana, wakili anasema ndipo walipokuona wewe ni mtu wa kweli na kazi yetu ni ya kweli. Lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria lile taulo.

Hakimu alisema niko huru. Kuhusu yule mwanamke hakusema lolote. Tulipotoka alipita karibu yangu, mkoba ameubana kwapani. Nimewasilisha malalamiko juu yake kwa kutoa taarifa ya uongo, na juu ya wale polisi. Wakili amenionya kwamba huenda yasifike popote. Nimemwambia aliyeumwa na nyoka haambiwi asiogope jani, ila anaruhusiwa kumtafuta nyoka. Akasema hiyo ataitumia.

Kazini wamenirudisha.

Mpwa wako


18 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Mama yako alipoambiwa aliinuka na ule mguu wake akazunguka nyumba nzima, kisha akakumbuka kwamba unauma, akakaa. Akanituma dukani. Nilikwenda bila kunung'unika, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mke wa muuza nyama anatangaza mtaa mzima kwamba beseni lake limeshinda kesi ng'ambo, na mumewe amechoka kulisikia.

Malalamiko usiyaache. Wakikwambia rudi kesho, rudi kesho. Huyo mama aseme kwa mdomo wake kwamba alidanganya, na wale vijana wa polisi waulizwe hilo goti waliliweka kwa sheria ipi. Kutokuwa na hatia ulikuwa nako tangu mwanzo, hawakukupa zawadi.

Na kazi uifanye kama nilivyokufundisha. Nililia kwa sababu ya sheria ile, lakini nimeifikiria upya. Sheria haina kosa, mwenye kosa ni aliyepiga simu. Ukiweka kioo, kesho yake nenda ukakibonyeze mchana kweupe, watu wakuone. Haki gani hiyo kama fundi hawezi kurudi kuiangalia kazi yake? Ukiacha, mimi nitaona wameshinda wao. Niandikie unieleze kioo chako cha kwanza tangu urudi kazini kimekaaje, nataka kumsomea mama yako.

Mjomba wako


11 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nisalimie mama, na mwambie nakula. Uzito umeanza kurudi, suruali ya kesi imekuwa inanibana. Ndevu siku hizi ananiletea kahawa kila asubuhi, anaiweka tu karibu na vifaa vyangu. Naanza kumsamehe nusu iliyobaki.

Malalamiko yamejibiwa. Upande wa polisi wameandika kwamba askari wao walifuata taratibu kulingana na taarifa waliyopewa. Upande wa yule mwanamke, wakili wake ameleta mistari miwili: anasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Usumbufu, mjomba, umejitokeza wenyewe, kama ukungu. Wakili wangu amekata rufaa juu ya yote mawili, na safari hii hakuniambia nifikirie. Tutakwenda mpaka mwisho, hilo nakuahidi.

Lakini uliniomba nikueleze kuhusu kioo cha kwanza, nami nimechelewesha barua hii kwa sababu hiyo.

Kilikuwa cha zahanati, dirisha la chumba wanakosubiri wagonjwa. Kazi ilikuwa safi, ungeipenda. Kesho yake asubuhi niliamka, nikavaa nguo za kazi zenye jina la kampuni, nikaweka kitambulisho kifuani, nikatembea mpaka kwenye kona ya mtaa ule. Zahanati ilikuwa bado haijafunguliwa. Kioo nilikiona kwa mbali, kimetulia. Nikaanza kutazama madirisha ya nyumba za upande wa pili, moja moja. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Barabarani hapakuwa na mtu wa kuniogopa wala wa kunipigia simu. Nilisimama pale, mikono nimeitoa mfukoni.

Nikageuka nikarudi nyumbani.

Mama usimsomee hii. Mwambie kimekaa vizuri. Wewe nakwambia ukweli kwa sababu uliniambia nisikulinde: kesi tumeshinda, lakini chini ya dirisha lile kuna benchi, wagonjwa wanakaa hapo kutwa, na mimi sijui kama kioo kimeshika.

Mpwa wako